Akida wa Thika: Siku Chache Ugenini, Bao la Kudumu

Kandanda ina vipimo vingi, lakini kipimo kinachopendwa zaidi barazani ni miaka. Fulani alicheza miaka kumi na mitano, basi huyo ndiye mchezaji. Fulani alikwenda ng'ambo, akacheza msimu mmoja au nusu yake, akarudi; basi huyo alishindwa. Leo nataka kukipinga kipimo hicho, na shahidi wangu ni mwanamke mwenye jina la kwetu ambaye mguu wake ulijulikana bara, katika mji wa Thika.

Jina lake ni Esse Mbeyu Akida. Sisi watu wa mwambao hatuhitaji kufasiriwa. Mbeyu, kwa ndugu zetu Wamijikenda, ni mbegu. Akida ni mkuu wa kikosi, na Wajerumani walipoitawala Tanganyika walikichukua cheo hicho wakawapa wasimamizi waliokuwa juu ya majumbe. Mbegu na mkuu wa kikosi: hata mtunga mashairi asingempatia mchezaji wa mbele jina linalomfaa kuliko hilo.

Kutoka Mombasa hadi Thika ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Ukishaipita Nairobi unashika ile barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012, unaiona Ruiru, kisha unaingia Thika. Nilipopita huko nilitambua kwamba watu wa sehemu hizo wameizoea kazi ya kungojea mbegu. Ruiru ndiko kwenye kituo cha uchunguzi wa kahawa, na huko ndiko ilikotoka mbegu ya mbuni iitwayo Ruiru 11, ambayo wakulima walianza kupewa mwaka 1985 baada ya kazi ndefu ya wataalamu. Sifa yake ni kwamba huzaa mapema, na huhimili maradhi ya matunda na kutu ya majani. Thika nayo ni mji wa viwanda na mashamba ya mananasi, na penye viwanda hapakosi kandanda.

Kiwanda cha maziwa cha Brookside, chenye makao yake Ruiru, ndicho kilichoilea timu ya wanaume ya Thika United. Hata hivyo, pamoja na maziwa yote hayo, Thika United iliteremka kutoka Ligi Kuu mwisho wa msimu wa 2018. Kwa upande wa wanawake mji ukawa na Thika Queens. Ligi yao ilikwenda miaka mingi bila mdhamini wa kutegemewa, na msichana aliyecheza humo alicheza kwa mapenzi kwanza na nauli baadaye. Lakini Thika Queens ikavumilia, na katika msimu wa 2020/21 ikatawazwa bingwa. Katika timu hiyo ndimo alimopata sifa mshambuliaji wetu.

Sasa natuhesabu alichokifanya. Mwezi wa Aprili 2016, timu ya taifa ya wanawake, Harambee Starlets, ilikwenda sare na Algeria 2–2 ugenini na 1–1 nyumbani, ikapita kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Ikawa mara ya kwanza kwa Kenya kuingia fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake. Fainali zikachezwa Cameroon mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Tulifungwa na Ghana 3–1, tukafungwa na Mali 3–1, tukafungwa na Nigeria 4–0. Tukarudi nyumbani. Lakini lile bao moja tulilowafunga Ghana lilikuwa la Akida, nalo ni bao la kwanza la Kenya katika mashindano hayo tangu yaanze. Watakuja wengine watakaofunga mengi kuliko yeye, Inshallah, lakini hakuna atakayekuja akawa wa kwanza tena. Mlango huo ukishafunguliwa umefunguliwa.

Kisha akaitwa ng'ambo. Aliichezea Ramat HaSharon ya Israel. Mwanzoni mwa mwaka 2020 akaingia Beşiktaş ya Istanbul, klabu kubwa katika jiji la misikiti na minara. Hakuwahi hata kukizoea kiti chake. Mwezi wa Machi mwaka huo ugonjwa wa Korona ukavifunga viwanja vya Uturuki, na ligi ya wanawake haikumalizwa. Mwaka 2021 akaelekea Ugiriki kuichezea PAOK ya mji wa Thessaloniki.

Siku moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nikiyasimulia haya barazani. Mzee mmoja ninayemheshimu, mwenye mjukuu wa kike apendaye mpira, akaniuliza: "Ustadhi, sasa huyo mtoto alipata nini Uturuki? Wiki chache tu!" Nikamwambia, "Ami, hebu kwanza nikupeleke Scotland."

Tunaijua Scotland kwa Victor Wanyama, aliyejiunga na Celtic mwaka 2011, na usiku wa Novemba 7, 2012 akaifunga Barcelona kwa kichwa katika ushindi wa 2–1. Lakini Scotland si Celtic peke yake. Huko Falkirk kuna klabu iitwayo East Stirlingshire. Kwa misimu mitano mfululizo, kutoka 2002/03 hadi 2006/07, ilishika mkia katika daraja la mwisho kabisa la ligi. Kuna wakati wachezaji wake walilipwa pauni 10 kwa wiki, na mwaka 2016 ikatolewa katika ligi yenyewe. Ndiyo klabu dhaifu uwezavyo kuifikiria.

Basi mwaka 1974 alifika pale kijana wa miaka 32 ambaye mwenyewe alikuwa mshambuliaji, naye ndiyo kwanza anaanza kazi ya kufundisha timu. Akakaa miezi michache tu, akaondoka. Jina lake Alex Ferguson, yule yule aliyeiongoza Manchester United kutoka 1986 hadi 2013. Nani leo atasema kwamba miezi ile ya Falkirk ilikuwa kazi bure?

Tena, pamoja na unyonge wake wote, klabu ile ina daftari. Mchezaji aliyecheza mara sita akafunga bao moja, jina lake limo na tarehe yake imo. Mjukuu wake akitaka kujua babu alikuwa nani, atafungua kitabu. Hapa kwetu mabao mangapi ya wasichana yalifungwa kwenye viwanja vya vumbi, yakashangiliwa jioni ile, na asubuhi yakawa yamesahauliwa? Hilo ndilo linaloniuma. Kucheza siku chache si aibu kwa mchezaji. Aibu iko kwetu tunaomsahau.

Na sisi wa mwambao hatuna udhuru, kwani ni watu wa wino. Wazee wetu waliandika mikataba ya harusi, madeni, nasaba na tenzi kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya gazeti kufika. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mnamo 1858 kumuusia binti yake, hakuishi sana baada ya hapo. Lakini hadi leo tunamtaja kwa sababu maneno yake yaliandikwa.

Najua swali jingine ambalo yule mzee hakulisema waziwazi: Je, binti wa Kiislamu na mpira, wapi na wapi? Mimi si mufti, nami sitoi fatwa gazetini. Lakini sote tuliokaa chuoni tulisomeshwa habari ya Bibi Aisha (r.a.), kwamba safarini alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, na baadaye, mwili wake ulipokuwa mzito kidogo, Mtume akamshinda yeye, akamwambia kwa furaha kwamba sasa wamelipana. Ama habari ya stara, wenye kutunga kanuni za kandanda duniani waliruhusu kilemba cha kichwa mwaka 2014, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza Kombe la Dunia la wanawake akiwa amevaa hijabu yake, wa kwanza kufanya hivyo. Kwa hiyo anayetaka kucheza kwa stara ana njia.

Nilimjibu mzee wangu hivi: usimzuie mjukuu wako, ila usimwachilie kama mashua isiyo na nanga. Amalize shule. Mkataba wowote usomwe na mkubwa wake kabla ya kutiwa sahihi. Wakati huo huo sisi tuwadai viongozi wetu viwanja na ligi ya wasichana hapa hapa, ili binti asilazimike kusafiri kilomita 500 ndipo aonekane. Na katika kila timu, hata ya mtaani, apatikane mtu mmoja wa kushika daftari: tarehe, majina, nani kafunga. Daftari halina gharama kubwa.

Yule mzee alinyamaza, kisha akauliza daftari linauzwa duka gani. Nikaona maneno yamefika. Nami kwa desturi yangu namalizia kwa ubeti:

Mbeyu ni jina la pwani, si jina la kudharau,
Lilipandwa ugenini, wengine wakasahau,
Liwekeni kitabuni, lisifutwe angalau,
Mchezo ni wa dakika, wino ni wa siku nyingi.