Majeshi Juu ya Meza

Katika jimbo la Pennsylvania, upande wa mashariki wa Marekani, iko wilaya iitwayo Lancaster, nchi ya mashamba ya mahindi na tumbaku, ambamo Waamish, watu wa madhehebu ya Kikristo yaliyojiharamishia kushika silaha, wangali wakienda sokoni kwa magari ya kukokotwa na farasi. Na ndugu zao katika imani, Wamennonite wa wilaya hiyo hiyo, ndio waliowatuma wamishonari waliofika Shirati, katika mkoa wa Mara, mwaka 1934. Ni ajabu, basi, kwamba nchi ya wapenda amani namna hii ndiyo iliyokuwa, kwa miaka mingi, makutano ya watu ambao kila mwezi wa Julai hufunga safari kutoka majimbo ya mbali wakiwa wamebeba majeshi mazima ndani ya makasha, kila askari amelazwa katika sponji ili mkuki wake usipinde, na kila ndovu amefungiwa peke yake asije akavunjika pembe njiani. Mkutano huo jina lake ni Historicon, ulianza mwaka 1984, na wenyewe ni chama kiitwacho Historical Miniatures Gaming Society.

Watu hao hawaendi kupigana, wala hawajifunzi kupigana. Ni walimu, wahasibu, wanasheria, mafundi wa mitambo na askari waliostaafu, aghalabu wanaume, na wengi wao mvi zimekwisha waingia, ambao wameipenda tarikh kwa mapenzi yasiyotosheka kwa kusoma vitabu tu. Humo ukumbini meza hutandikwa nguo za kijani au za rangi ya mchanga, vilima huinuliwa, mito hulazwa, misitu ya miti ya waya na sifongo hupandwa, na kisha pande mbili husimama, huyu huku na huyu kule, wakiwa na dadu, utepe wa kupimia, na kitabu cha kanuni ambacho mara nyingi ni kigumu kuliko vitabu vya sheria.

Tuanze na askari mwenyewe, kwa kuwa mapenzi haya huanzia kwake. Katika kipimo kimoja kilichozoeleka sana mashindanoni, kimo chake ni milimita 15, kiasi cha upana wa ukucha wa kidole gumba. Husubiwa kwa bati iliyochanganywa na madini mengine, na humfikia mnunuzi hana rangi hata moja. Mwenyewe humkwangua mabaki ya kalibu, akampaka rangi ya chini, nyeusi au nyeupe, na ikikauka hutwaa brashi yenye nywele chache mno, akaanza kumvika: kanzu, kisha deraya, kisha ukanda, kisha uso. Baada ya hapo humwagia rangi ya hudhurungi iliyozimuliwa kwa maji mengi, nayo hutiririka ikatuama katika mikunjo ya nguo na baina ya vidole, hata mtu amtazamapo kwa umbali wa mkono humwona ana vivuli kama kiumbe wa kweli. Mwisho hupakwa vanishi, akagandishwa pamoja na wenziwe juu ya kibao, na kibao kikanyunyizwa mchanga na nyasi za bandia. Kazi hii hufanywa usiku, baada ya chakula, watoto wakiisha lala, na jeshi dogo huweza kumla mtu majuma mengi. Wala si nadra kuwakuta watu wazima wenye akili timamu wakibishana saa nzima kama ngao za Wathebe katika karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa zilikuwa na alama hii au ile. Mimi nawasadiki wasemao kwamba nusu ya raha ya mchezo huu imekwisha kabla dadu la kwanza halijatupwa.

Asili ya mambo haya ni ya kijeshi hasa. Huko Prussia, mwaka 1812, baroni mmoja aitwaye von Reisswitz alimtengenezea mfalme meza ya kuchezea vita. Na mwanawe, luteni wa mizinga, mwaka 1824 alitoa kanuni zilizosahihishwa, zikichezwa juu ya ramani, zenye dadu na mwamuzi, ambazo mkuu wa majeshi, von Müffling, alizipenda hata akaamuru zienezwe katika vikosi. Prussia ilipozishinda Austria mwaka 1866 na Ufaransa mwaka 1870, majeshi mengine yakauiga mchezo huo upesi. Raia nao waliuingia kwa mlango mwingine, mlango wa watoto: mwandishi Mwingereza H. G. Wells, mwaka 1913, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, ambamo vita vilipiganwa sakafuni kwa askari wa risasi na vijizinga vya springi vilivyorusha vipande vya mti na kuwaangusha askari kwelikweli. Wells alikuwa mtu wa kuchukia vita, na alitaraji kwamba wenye hamu ya kupigana wangeridhika na sakafu ya nyumba zao; mwaka uliofuata Ulaya yote ikawaka moto. Baada ya Vita vya Pili mapenzi haya yalifufuka kwa kazi ya watu wachache, akiwemo Donald Featherstone, mtabibu wa viungo wa mji wa Southampton, aliyekuwa amepigana katika vifaru, ambaye kitabu chake cha mwaka 1962, War Games, kiliwafunza wengi waliodhani wako peke yao duniani.

Sasa, kucheza sebuleni na rafiki ni jambo moja, na kushindania nafasi ya kwanza na watu usiowajua ni jambo jingine kabisa. Mashindano hutaka vitu viwili ambavyo kwa tabia yao havipatani, tarikh na insafu. Mshindani hutaka kila mtu aingie uwanjani na nguvu sawa na mwenziwe. Ilhali vita, tangu dunia kuumbwa, havijapata kuwa na usawa, na amiri yeyote aliyekubali kupigana kwa nguvu sawa, ilhali angaliweza kumzidi adui, watu wake wangalimwita mpumbavu. Kwa hivyo kila mwenye kutunga kanuni za mashindano yu kati ya wadai wawili, na ukitaka kumjua vyema mtazame jinsi anavyowalipa.

Mwingereza Phil Barker, katika kanuni zake ziitwazo De Bellis Antiquitatis, zilizotolewa mwaka 1990, aliwalipa kwa werevu mkubwa. Alisema kila jeshi litakuwa na vikosi 12, hapana zaidi, hapana pungufu, tangu majeshi ya kale ya Sumeri na Misri hata ya mwisho wa karne ya kumi na tano, na kila kikosi kitakuwa juu ya kibao chenye upana wa milimita 40, wachukua mikuki wanne juu ya kimoja, au ndovu mmoja. Kikosi si idadi ya watu; ni sehemu ya kumi na mbili ya jeshi, likiwa la elfu tano au la elfu hamsini. Hivyo mji mdogo wa Kiyunani husimama mbele ya mfalme wa Uajemi bila ya kuona haya, na jeshi zima, sanamu arubaini na kitu, huingia katika kasha la kuchukuliwa kwapani. Vikosi gani jeshi fulani liruhusiwe, wapanda farasi wangapi, wapiga mishale wangapi, hayo yameandikwa katika orodha zilizotolewa katika utafiti wa tarikh, na hapo ndipo mdai wa pili alipopata haki yake.

Fauka ya hayo, Barker aliweka kanuni moja ambayo kwangu mimi ndiyo roho ya mchezo. Ifikapo zamu yake, mchezaji hutupa dadu moja, na jibu lake ndilo hesabu ya amri atakazoweza kutoa: akipata sita, ataweza kusogeza vikosi au safu sita, akipata moja, ni amri moja tu, na vilivyobaki vitasimama vilipo, hata adui akiwa anazunguka ubavuni mbele ya macho yake, na walio mbali na amiri wao hudai amri zaidi. Tuseme ubavu wako wa kushoto umekwisha anza kuzungukwa, na katikati mikuki yako imepata nafasi ya kushambulia kabla adui hajajipanga. Umetafakari, umepima, umejua la kufanya pande zote mbili. Unatupa dadu: moja. Utaokoa ubavu au utashambulia? Wachezaji wapya hulilaani dadu. Wakongwe huwa wamekwisha panga jeshi lao tangu mwanzo ili hata dadu likiwahini lisiwaangamize, wakaacha safu zao zimeshikamana ziweze kwenda pamoja kwa amri moja.

Mapigano yenyewe ni hesabu fupi. Mikuki ikikabiliwa na wapanda farasi wazito huhesabiwa nne, na wapanda farasi mbele ya askari wa miguu huhesabiwa tatu; kila upande hutupa dadu na kujumlisha. Wapanda farasi wakipata tano, jumla yao ni nane. Mikuki ikipata moja ni tano, na ikiwa kikosi cha pili cha adui kimewazidi upande, hupunguzwa moja, wakabaki na nne, yaani nusu ya nane, na kikosi hicho huondolewa mezani. Atakayetangulia kupoteza vikosi vinne, ilhali amepoteza vingi kuliko mwenziwe, ameshindwa. Yote haya huchukua saa moja au pungufu, na kwa hivyo mtu huweza kupigana vita kadhaa kwa siku moja.

Upangaji wa wachezaji aghalabu hufuata utaratibu wa Kiswisi, ambao ulitumiwa kwanza katika mashindano ya sataranji mjini Zürich mwaka 1895: aliyeshinda hupangwa na aliyeshinda, aliyeshindwa na aliyeshindwa, wala hapana atolewaye. Yamkini hii ndiyo sababu watu hawaoni taabu kusafiri mbali, kwa maana hata mnyonge kuliko wote hucheza mpaka mwisho, na huelekea mchezo wake wa mwisho ukawa mtamu, akiwa amekutana na mnyonge mwenziwe. Zawadi si za kumtajirisha mtu. Ugomvi hutokea, nao mara nyingi ni wa milimita: kibao hiki kimegusa kile au hakikugusa? Mwamuzi huitwa, huinama, hufumba jicho moja, hutamka. Katika mashindano yasiyofungwa kwa zama moja, Wamakedonia wa Iskandari huweza kupambana na Waingereza wa karne ya kumi na tano, jambo linalowachukiza wapenzi wa tarikh halisi. Wao huitisha mashindano ya zama moja, au ya majeshi mawili yaliyopata kupigana kweli.

Na sisi je, tumo? Tumo. Kiwanda cha Foundry cha Uingereza kimesubu sanamu za Wazanzibari, askari na ruga-ruga wa karne ya kumi na tisa, na kanuni za Larry Brom, The Sword and the Flame, za mwaka 1979, ambazo hutumia karata kuamua kikosi gani kiende, nyekundu kwa huyu na nyeusi kwa yule, zilitungwa kwa ajili ya vita vya kikoloni. Wako pia wanaovicheza vita vya Tanga vya mwezi wa Novemba 1914, Waingereza walipoushambulia mji huo uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, na nyuki waliowauma askari siku ile huwekewa kanuni yao. Wapagazi ndio wasiowekewa. Katika vita vile vya Afrika Mashariki, wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa wakadiriwa kuwa 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, na vikosi vyao ndivyo vilivyoiachia Kariakoo jina lake. Lakini katika mchezo wa alasiri moja hapana nafasi ya kuhesabu mizigo ya unga, na walio wengi waliobeba vita vile mabegani hawana kibao chao juu ya meza. Sijui mtungaji wa kanuni angefanyaje, na sidhani ni haki kumlaumu kwa kuwa mchezo wake ni mchezo. Lakini Mswahili akiitazama meza ile, hicho ndicho atakachoanza kukitafuta.

Tanga yenyewe haifai kwa mashindano ya nguvu sawa, kwani Jenerali Aitken wa Waingereza alishuka Ras Kasone na watu wapatao 8,000, na von Lettow-Vorbeck, amiri wa Wajerumani, alikuwa na wapatao 1,000. Dawa ya wachezaji ni kuupima ushindi kwa yale yaliyotokea, isiwe kwa nani amebaki uwanjani. Mjerumani huambiwa kuulinda mji ni wajibu wake, wala hapati sifa kwa hilo peke yake. Na mwenye jeshi la Waingereza, hata akifukuzwa mpaka ufukoni, huweza kuhesabiwa kuwa ameshinda iwapo atarudi melini na bombomu 16 ambazo Aitken aliziacha nyuma.