Mtemi wa Zamani Alikuwa Mfalme wa Namna Gani?

Kila inapokaribia Sherehe ya Kristo Mfalme, vijana wa Binza hutuuliza kama watemi wa zamani walikuwa wafalme. Wengi huwadhania mabwana waliomiliki ardhi pamoja na watu wake. Dhana hiyo yafaa zaidi Ulaya ya Zama za Kati. Katika vijiji vya Katalunya, nchini Hispania, wakulima wengi walifungwa na shamba la bwana, wasiweze kuhama bila kujikomboa kwa malipo, hata mfalme Ferdinand alipoiondoa desturi hiyo mwaka 1486, baada ya wakulima kuasi.

Usukumani mambo yalikuwa mengine. Neno ntemi hutajwa kuwa limetokana na kutema, yaani kukata: heshima ilianza kwa aliyefyeka pori. Mtemi alirithiwa na mtoto wa dada yake, si na mwanawe, na wazee wa baraza ndio waliomteua. Kila kijiji kilikuwa na ng'wanangwa wake. Vijana nao walikuwa na nsumba ntale, aliyewaitisha katika kazi za pamoja. Watu walimlimia mtemi na kumpelekea nafaka, naye alitazamiwa kuwafungulia maghala wakati wa njaa. Mvua ilipokatika, lawama ilimwangukia yeye, na aliweza hata kuondolewa. Zaidi ya hayo, mtu asiyeridhika aliswaga ng'ombe wake akahamia kwa mtemi mwingine. Kwa maoni yetu, hicho ndicho kilichomzuia mtemi kuliko sheria yoyote, kwani mtemi asiye na watu hakuwa mtemi.

Wakoloni walilivuruga jambo hilo. Waingereza, hasa kwa sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, walimfanya mtemi kuwa mkusanya kodi mwenye mshahara, anayewajibika kwa mkuu wa wilaya kuliko kwa watu wake. Huyo ndiye mtemi ambaye wazee wetu walimwona kwa macho, na si ajabu baadhi yao kumtaja kwa uchungu. Utemi ulifutwa na serikali mwaka 1963.

Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianzisha makumbusho yanayohifadhi ngoma na vifaa vya watemi. Lakini habari za Binza hazimo zote katika kabati za makumbusho. Tumewaomba vijana waende kwa bibi na babu zao na daftari, na waanze kwa kuuliza ukoo wa upande wa mama.