Sentimita Mbili za Ukingo

Ukingo wa njia ya waendao kwa miguu huonekana jambo dogo. Hata hivyo mataifa yaliyoendelea hayajapatana juu ya kimo chake.

Kipofu aongozwaye na fimbo nyeupe hutambua kwa ukingo kwamba hapa njia imekwisha, mbele kuna magari. Mwenye kiti cha magurudumu, ukingo uo huo humzuia kama ukuta. Mjenzi amridhishe nani?

Japani imewagawia wote wawili adha hiyo. Mahali pa kuvukia huachwa ukingo wa sentimita 2: fimbo iuguse, gurudumu liupande, ingawa kwa taabu. Uingereza huushusha ukingo hadi usawa wa barabara, tofauti isizidi milimita 6. Marekani nayo hutaka usawa, na mteremko wa kushukia usizidi kipimo cha 1 kwa 12.

Huko kulikosawazishwa, kipofu angepotea lau si vigae vyenye vinundu, avitambuavyo kwa nyayo na fimbo. Vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, na kutandazwa mara ya kwanza mwaka 1967 mjini Okayama, karibu na shule ya vipofu. Nchi nyingi zimeviiga, kila moja kwa desturi yake. Japani hupenda rangi ya manjano. Uingereza hutenga nyekundu kwa vivuko vyenye taa au vya pundamilia. Marekani haichagui rangi, mradi ipambanuke na sakafu iliyo kando.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Kwa hiyo swali hili ni letu pia, nasi tusiige kwa macho tu. Njia ya Kiingereza yapendeza, lakini inategemea vigae vizima. Kigae kikibanduka na kisirudishwe, kipofu huingia barabarani bila kuonywa. Ukingo wa Kijapani haubanduki upesi hivyo. Sisi turukao mitaro bila kuwaza hatufai kuamua peke yetu. Kabla zege halijamwagwa, wasioona na watumiao viti vya magurudumu waitwe pamoja penye ukingo wa majaribio, wapite huku na huko, na mhandisi asimame kando akiandika.