Kwa Sababu Gani Ukuta Unatoa Maji?

Wazazi wengi wanaleta watoto hospitali kwa ajili ya pumu. Mutoto anapewa dawa, anapata nafuu, anarudi nyumbani. Nyuma ya wiki chache analetwa tena. Mara nyingi dawa haikukosa nguvu, lakini chumba anamolala ni kibaya. Ukuta umelowana, ukungu mweusi umeota juu yake, na kitanda kinaugusa. Mutu mwenye pumu akipumua hewa ya ukungu kila usiku, pumu yake inaamka tena na tena.

Katika miji ya milima, kama Bukavu, nyumba nyingi zimejengwa mahali palipochimbwa katika mulima. Ukuta wa nyuma unashikana na udongo, na chumba kile ni kama chumba cha chini ya inchi. Mvua ya kule inanyesha toka mwezi wa 9 hata mwezi wa 5. Watu wanapaka simenti ndani kila mwaka, na kila mwaka inabanduka. Kupaka simenti mbele ya kujua sababu ni kufunga kidonda chenye usaha bila kukisafisha.

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, kuhani aliitwa kutazama nyumba yenye madoa ukutani. Hakuanza kwa kupaka. Alitazama, akafunga nyumba siku 7, akarudi kutazama tena. Wewe vilevile, tazama kwanza.

UULIZE UKUTA MASWALI

1. Maji ni wapi? Yakiwa juu, karibu na paa, manjanja yametoboka. Yakiwa chini ya kuta zote, yanapanda toka udongo, ao mvua ya paa inaangukia musingi. Yakiwa upande wa mulima tu, yanatelemuka toka mulimani.

2. Yanaonekana wakati gani? Kama ni nyuma ya mvua, ni maji ya inje. Kama ni asubuhi, hata wakati wa kiangazi, pengine ni pumzi ya wanaolala na muvuke wa kupika.

3. Kama ungali na shaka, kausha kipande cha ukuta kwa kitambaa. Bandika hapo karatasi ya nailoni yenye upana wa mukono mumoja, ukifunga pembeni zote vizuri. Ngoja siku 2. Matone yakiwa upande wako, yametoka katika hewa ya chumba. Yakiwa nyuma ya nailoni, yametoka ndani ya ukuta.

DAWA YA KILA SABABU

Maji ya paa. Paa yenye meta 8 kwa 6, mvua ya milimeta 20 ikinyesha, inapokea lita 960. Hayo yote yanaanguka penye musingi! Weka mifereji ya bati, upeleke maji katika pipa lenye kifuniko, mbu wasizaliwe ndani. Udongo wa inje utelemuke toka ukutani, sentimeta 15 katika meta 3.

Maji ya mulima. Wakati wa kiangazi, ondoa udongo unaogusa ukuta, kidogo kidogo, hata kubaki nafasi ya meta moja. Hapo chimba mufereji, chini kuliko sakafu ya chumba, lakini usipite chini ya musingi, nyumba isianguke. Tia mawe madogo ndani, uupe mutelemuko. Usielekeze maji kwa nyumba ya jirani: ugonjwa wako utakuwa wake.

Hewa nzito. Fungua madirisha kila siku, pika inje, usianike nguo chumbani, sogeza kitanda mbali na ukuta.

Maji yakikwisha kukatwa, ngoja. Ukuta munene unakauka kwa miezi mingi. Ukungu usiufagie ukiwa mukavu. Funga kitambaa puani na mudomoni, uuoshe kwa sabuni na maji. Mwenye pumu asifanye kazi hii. Ukuta wa udongo upake udongo tena, si simenti, kwa maana simenti inafungia maji ndani.

ANGALIA SANA

Matofali yasiyochomwa yakilowana chini yanapoteza nguvu, na ukuta unaweza kuanguka usiku juu ya wanaolala. Ukiona umevimba ao umepasuka sana, ondoa watu leo, si kesho.

Tena, usiseme kila kikohozi ni cha ukuta. Maji ya ukutani hayaleti kifua kikuu. Kinatoka kwa mutu mugonjwa anayekohoa, na kinaenea upesi katika chumba kilichofungwa. Anayekohoa wiki 2 ao zaidi aje hospitali kupimwa makohozi. Nawe unayebaki nyumbani, chukua jembe, uzunguke nyumba yako wakati mvua inanyesha, uone maji yanapita wapi.