Maji ya Kiwanda Yana Kibali cha Nani?



Mara nyingi katika kurasa hizi tumesema juu ya mishahara na likizo. Safari hii tunasema juu ya yale maji ya kahawia yanayotoka nyuma ya mashine, ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuyaruka akiwa na viatu mkononi.

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya kwenda Rumonge, unapita Gitaza. Mlima uko kushoto, ziwa liko kulia, na katikati nafasi ni ndogo. Akina mama wanafua na kuchota maji pale pale. Mbele zaidi, Rumonge, ndiko kwenye michikichi na mashine za kukamua mawese. Ukimwuliza mwenye mashine maji yake yanakwenda wapi, mara nyingi atakuonyesha kwa kidole tu: kule chini. Ukimwuliza kama ana kibali, atakuambia kibali anacho. Lakini kibali cha kufanya biashara si kibali cha kumwaga maji.

Tazameni wenzetu wa Kenya. Sheria yao ya Maji ya mwaka 2016 inakataza kiwanda kuingiza majitaka yake katika mabomba ya umma bila idhini ya shirika lenye mabomba. Anayeomba lazima aeleze mambo matatu: maji yale yana nini ndani yake, yatatoka mengi kiasi gani kwa siku moja, na mwendo wake wa juu kabisa utakuwa upi. Hilo la tatu wengi hulipuuza. Kiwanda kikikusanya maji mchana kutwa kisha kikayafungulia yote usiku, mabwawa ya kusafishia huko mbele huzidiwa. Na nani hufungua koki ile usiku? Ni sisi, kwa amri ya mnyapara.

Hesabu nayo ina maana yake. Uchafu hupimwa kwa oksijeni inayoliwa na maji machafu yanapooza. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliruhusu miligramu 500 kwa lita kuingia katika mabomba ya umma, lakini 30 tu kuingia mtoni au ziwani, kwa kuwa bomba lina mtambo wa kusafishia mwisho wake, na ziwa halina. Maji ya mashine kubwa za mawese huhesabiwa kiasi cha 25,000. Basi hata pale penye bomba, mwenye kiwanda lazima kwanza ayapoze, aenguе mafuta, apunguze ukali wake na kuyatuliza.

Asipofanya hivyo, mafuta ya moto hupita vizuri, kisha hupoa na kuganda bombani. Atakayeteremshwa shimoni kuzibua si tajiri. Uchafu uliooza hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Ikizidi, pua haiisikii tena, mtu huanguka, na mwenzake anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake.

Sasa turudi Gitaza. Hapa hakuna bomba la umma la majitaka la kuombea idhini. Mabwawa ya kusafishia yako Buterere, Bujumbura, na hata huko ni sehemu tu ya mji iliyounganishwa. Kwa hiyo anayemwaga hapa anamwaga ziwani, na kipimo chake kinapaswa kuwa kile kikali. Sheria ya maji ya Burundi ya tarehe 26 Machi 2012 imefanya ukanda wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika kuwa mali ya umma. Nchi nne za ziwa hili zilitia sahihi mkataba wa kulilinda, Dar es Salaam, tarehe 12 Juni 2003. Maji ya ziwa hili huondoka zaidi kwa jua. Mto Lukuga huchukua kidogo tu. Kinachoingia hukaa.

Kuchimba bwawa nalo si kazi ya kubahatisha. Machi 2015 mlima uliporomoka Gitaza, ukaua watu. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani. Bwawa likiwa mlimani litashuka, likiwa ufukweni litafunikwa. Tunaona ni afadhali wenye mashine ndogo washirikiane kuchimba mabwawa ya pamoja penye tambarare, mbali na maji, na tope lake lipelekwe kwenye michikichi kama mbolea.

Tunajua neno litakalosemwa: mkidai vibali, mashine itafungwa, nanyi mtakula wapi? Hofu hiyo si ya bure, watoto wanangoja. Lakini Malaysia ilianza kudai leseni ya majitaka kwa viwanda vya mawese mwaka 1978. Kipimo cha kwanza kilikuwa 5,000; mwaka 1984 kilikuwa kimeshuka hadi 100. Viwanda havikufa. Vilipewa muda, hatua kwa hatua, na huo ndio muda ambao kamati zetu ziwaombee waajiri badala ya kunyamaza.

Kwa hiyo, ndugu, katika mkutano ujao wa kamati ombeni kuiona karatasi yenyewe. Someni ni ya kumwaga wapi, kiasi gani kwa siku, na nani aliyeitia sahihi. Kisha ulizeni nani anashuka shimoni, na kamba yake inashikwa na nani.