Kampuni Mpya na Wanafunzi wa Vyuo: Namna ya Kuwapata na Kudumu Nao

Kila mwaka mwezi wa Mei unapokaribia, wanafunzi huonekana Kilifi, Malindi na Mtwapa wakiwa na barua za chuo mkononi, wakitafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya nyanjani. Wengi hubisha milango ile ile: benki, hospitali, hoteli kubwa na afisi za serikali. Wakikosa nafasi, huabiri matatu kwenda Mombasa au Nairobi. Wakati huo huo, mkazi aliyefungua kampuni yake mwaka jana analalamika kwamba hapati kijana wa kumwekea hesabu kwenye kompyuta au kumrekebishia mashine.

Pande hizi mbili zinahitajiana lakini hazikutani. Mwenye kampuni hudhani mwanafunzi hawezi kukubali kufanya kazi katika chumba kimoja nyuma ya duka. Mwanafunzi naye huhofia kutumwa chai na kufagia kwa miezi mitatu, kisha aondoke bila ujuzi wala barua. Kampuni changa haiwezi kushindana na benki kwa mshahara. Inachoweza ni kumpa kijana kazi ya maana na ahadi iliyo wazi, iliyoandikwa kabla ya siku ya kwanza.

Jueni tofauti

Kutoelewana kwingi huanzia kwenye majina. Mafunzo ya nyanjani, ambayo wengi huyaita atachimenti, ni sehemu ya masomo. Mwanafunzi bado yuko chini ya chuo, hujaza daftari la kumbukumbu, na mhadhiri huja kumkagua. Uanagenzi kwa kawaida ni wa aliyemaliza masomo na anataka uzoefu kwa muda maalumu. Ajira ni mkataba wa kazi kwa malipo, na hapo Sheria ya Ajira ya 2007 hutumika moja kwa moja.

Sheria hiyo inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Pia, kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi huweza kuhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki zake. Kwa hivyo, kumwita kijana "mwanafunzi" ilhali alishamaliza chuo na anafanya kazi ya kila siku hakumwondolei mwajiri wajibu.

Kazi yenyewe ndiyo mvuto

Katika kampuni kubwa, mwanafunzi anaweza kumaliza muhula mzima kwenye meza moja. Katika kampuni ya watu wanne ataona oda ikiingia, bidhaa ikitengenezwa, mteja akilalamika na pesa zikihesabiwa jioni. Huo ndio utajiri wa kampuni ndogo, na mwenye kampuni autaje wazi anapotafuta vijana.

Chukua mfano wa kampuni changa ya kukausha maembe mjini Malindi. Pwani, maembe huiva kwa wingi kuanzia Novemba hadi mapema mwaka unaofuata, ilhali wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hutoka kwa mafunzo kati ya Mei na Agosti. Kampuni isipopanga, mwanafunzi atafika wakati mashine zimelala na atakaa bure. Ikipanga, mwanafunzi wa uhasibu anaweza kupanga vitabu vya msimu uliopita, wa sayansi ya chakula akaandaa kumbukumbu zinazohitajika katika kuomba alama ya ubora ya KEBS, na wa ufundi akafanyia mashine matengenezo. Msimu ukirudi, kampuni inaweza kumwita kwa mkataba mfupi wa malipo wakati wa likizo ya Desemba. Atakayerudi anajua kazi tayari.

Kabla ya kutafuta mwanafunzi, mwenye kampuni aandike ukurasa mmoja unaojibu maswali manne: atafanya kazi gani kila mwezi, nani atamwelekeza, saa za kazi ni zipi, na atakapomaliza atakuwa amejua nini. Asiyeweza kujibu bado hajawa tayari kumpokea mwanafunzi.

Nauli, chakula na ukweli

Vijana wengi hukatizwa mafunzo na nauli. Anayetoka Kaloleni au Ganze kila asubuhi hutumia pesa ambazo mzazi huenda hana. Kampuni isiyoweza kulipa posho inaweza kutoa nauli, chakula cha mchana, au kumruhusu afike siku nne kwa wiki kwa makubaliano na chuo. Ikiwa haiwezi hata hayo, iseme mapema. Ahadi ya "tutaona mwisho wa mwezi" ndiyo inayoharibu jina la kampuni, kwa sababu wanafunzi huambiana.

Usalama usiachwe

Mzazi anayemtuma binti au kijana wake mahali pasipojulikana ana haki ya kuuliza. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera ya kuzuia dhuluma za kingono kazini. Kampuni ya watu watano haifikii idadi hiyo, lakini itaaminiwa zaidi ikiandika ukurasa wake na kumtaja mtu wa kupelekewa malalamiko.

Kuhusu ajali, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima. Kwa mwanafunzi wa nyanjani, mwenye kampuni aulize chuo kwa maandishi ni bima gani inayomlinda, na asimweke kwenye mashine kabla ya kupata jibu.

Miezi mitatu ikiisha

Mwanafunzi aliyefanya vizuri apewe barua inayosema alichofanya hasa. Kampuni ikitaka kumwajiri akihitimu, imwambie mapema na imwandikie. Muda wa majaribio kisheria hauzidi miezi sita, na unaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita mfanyakazi akikubali. Mshahara usiwe chini ya kiwango kilichowekwa na serikali.

Mwajiri mpya ahesabu pia makato kabla ya kutaja mshahara. Mchango wa bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wa mfanyakazi kabla ya makato. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kutoka kwa mwajiri. Kuna pia mchango wa NSSF kutoka pande zote mbili. Kijana anayetajiwa mshahara bila kuelezwa makato huhisi amedanganywa siku ya kwanza ya malipo.

Pa kuanzia

Mwenye kampuni asingoje wanafunzi wabishe. Aende chuoni miezi miwili au mitatu kabla ya muhula wa mafunzo na aulizie afisi inayosimamia mafunzo ya nyanjani. Chuo Kikuu cha Pwani kiko mjini Kilifi, kando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi. Asisahau vyuo vya ufundi vya mashinani, ambavyo Katiba ya 2010 imeviweka chini ya serikali za kaunti. Fundi umeme, mshonaji au fundi wa kuchomelea anayehitajika huenda anasomea wadi ile ile.

Abebe nakala ya leseni ya biashara, cheti cha usajili wa kampuni na ule ukurasa wa maswali manne. Mwanafunzi naye, anapopewa nafasi, aombe kuuona ukurasa huo na abaki na nakala yake. Palipo na utata kuhusu mkataba au malipo, kila upande unaweza kupata ushauri katika afisi ya leba iliyo karibu.