Kichomeo cha Mvuke wa Mafuta na Maneno Yake

Mwaka jana niliombwa kusahihisha karatasi ya maelezo, ya kurasa mbili tu, iliyotungwa Dar es Salaam ili kuwafundisha watu matumizi ya jiko la mafuta ya taa, lile la kupiga pampu. Aliyeniletea alidhani kazi hiyo itanichukua nusu saa. Ilinichukua majuma mawili, kwa kuwa sikuweza kusahihisha maneno bila ya kukifahamu chombo chenyewe. Na nilipokifahamu nikaona kwamba makosa mawili yaliyokuwamo hayakuwa ya sarufi, bali ya kuweza kumwunguza mtu. Basi nitaeleza kwanza jinsi kichomeo cha jiko hilo kinavyofanya kazi, ndipo nirudi kwenye maneno. Wasomaji waliozoea kukuta hapa mijadala ya ngeli na mnyambuliko watanivumilia kidogo kwa habari za shaba na masizi. Kwa neno kichomeo nakusudia ile sehemu ya juu ya jiko ambapo moto hutokea, si jiko zima.

Yafaa kuanza na koroboi. Sote husema kwamba utambi unawaka, au kwamba mafuta yanawaka, na lugha yetu hairuhusu kusema vingine bila ya kujitia maringo ya usomi. Walakini mafuta ya taa, maadamu ni kiowevu, hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Michael Faraday alilionyesha jambo hili mjini London katika mihadhara yake maarufu kwa vijana juu ya mshumaa: alichukua mrija wa kioo, akautia ncha moja katikati ya mwali, mvuke ukapita ndani ya mrija, naye akauwasha kwenye ncha ya pili. Mwali ukawa mahali ambapo hapakuwa na utambi wala nta.

Katika koroboi, basi, utambi huyanyonya mafuta, joto la mwali huyageuza kuwa mvuke, na mvuke hukutana na hewa pembezoni mwa mwali. Hapo ndipo penye ila. Hewa hufika nje tu. Ndani ya mwali mvuke hupata joto pasipo hewa ya kutosha, nao huvunjika na kuacha chembe za kaboni. Chembe hizo zikishika moto hung'aa manjano. Zikipoa kabla ya kuungua huwa masizi. Kwa mwenye taa chembe hizo ndizo mwanga wenyewe. Kwa mwenye jiko ni hasara mtupu, maana joto hupotea na sufuria hugeuka nyeusi.

Dawa ya ila hiyo ilikwisha kujulikana kwa upande wa gesi. Kichomeo kinachoitwa kwa jina la Robert Bunsen, kilichotengenezwa Heidelberg mwaka 1855, huchanganya gesi na hewa kabla ya kuwaka, na mwali wake huwa wa samawati, wenye joto kali, usio na masizi. Lakini Bunsen alikuwa na gesi iliyomjia kwa mabomba ya mjini. Aliye na chupa ya mafuta ya taa afanyeje? Inampasa ayageuze mafuta kuwa mvuke, tena mvuke utoke kwa kasi ya kutosha kuikokota hewa pamoja nao. Na hewa inayotakiwa si haba: lita 1 ya mafuta ya taa yahitaji takriban mita za ujazo 10 za hewa ili iungue yote.

Hatua ya kwanza ya kufaa ilikuwa taa ya mkono ya mafundi, ile itumikayo kulehemu na kubabua rangi ya zamani juu ya mbao. Aliyeijengea sifa ni Carl Richard Nyberg wa Uswidi, karibu na Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya 1880. (Ndiye yule yule aliyetumia miaka mingi kujaribu kurusha ndege aliyoiita Flugan, maana yake Nzi, yenye injini ya mvuke wa maji uliochemshwa kwa taa zake mwenyewe. Haikuruka ipasavyo, lakini taa ziliuzika.) Katika taa hiyo mafuta hupita ndani ya mrija uliopashwa moto na mwali wa taa hiyo hiyo.

Fundi mwingine wa Stockholm, Frans Wilhelm Lindqvist, ndiye aliyelileta wazo hilo jikoni, mwaka 1892, kwa jiko alilolipa jina la Primus, yaani wa kwanza kwa Kilatini. Matengenezo yake ndiyo kiini cha makala haya, kwa hiyo nitayafuata polepole. Chini pana tangi la shaba nyeupe lenye mafuta, na juu ya mafuta pana nafasi ya hewa. Pampu ndogo iliyochomekwa ubavuni huisindika hewa ile. Hewa huyasukuma mafuta, nayo hupanda kwa mrija uliosimama katikati mpaka kwenye kichomeo. Hapo mrija hugawanyika. Matawi yake hupanda hadi karibu na mwali, hupinda, kisha hushuka tena mpaka chini ya kichomeo, na kuishia katika kitundu kimoja chembamba sana kinachotazama juu. Mafuta yaingiapo katika matawi hayo ni kiowevu. Yafikapo kwenye kitundu yamekwisha kuwa mvuke. Ujazo wake umeongezeka zaidi ya mara 100, na njia ya kutokea ni ndogo kuliko ncha ya sindano. Kwa hiyo mvuke huchupa kwa nguvu, huikokota hewa ya kandokando, huchanganyika nayo, hugonga bamba la chuma lililo juu na kutawanyika kuwa duara la ndimi za samawati. Na duara hilo ndilo linaloyazunguka matawi ya mrija na kuyapasha moto.

Msomaji atazame mpango huo vizuri. Mwali hupika chakula chake mwenyewe kabla ya kukila. Hakuna utambi, wala hakuna moto wa pili wa kuutumikia ule wa kwanza. Sehemu ndogo ya joto hurudishwa nyuma kuyageuza mafuta yajayo, na iliyobaki huenda kwenye sufuria. Fridtjof Nansen alichukua jiko la namna hii katika safari yake ya barafuni, na mwaka 1895 akafika nyuzi 86 na dakika 14 kaskazini, mahali ambapo maji ya kunywa hupatikana kwa kuyeyusha barafu tu, na mafuta hupimwa kwa kijiko. Jina la Primus likaenea hata katika Kirusi na Kiebrania likawa nomino ya kawaida ya jiko la aina hii, la kiwanda chochote. Sisi wa pwani tulipendelea kusema stovu.

Lakini mpango unaojilisha wenyewe una shida moja kubwa, nayo ni mwanzo. Jiko likiwa baridi hakuna mwali wa kupasha mrija, na mrija usipopashwa hakuna mvuke wa kufanya mwali. Ndiyo maana chini ya kichomeo kuna kibakuli cha duara. Hutiwa spiriti kidogo, huwashwa, na kuachwa iungue yenyewe dakika mbili tatu. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 tu za sentigredi, kwa hiyo huwaka bila ya kubembelezwa. Mafuta ya taa huanza kuchemka karibu na nyuzi 150, na sehemu zake nzito huhitaji zaidi ya nyuzi 250. Spiriti inapokaribia kwisha ndipo mtu hufunga skrubu ya hewa na kuanza kupiga pampu.

Hapo ndipo nilipolikuta kosa la kwanza katika karatasi ile. Iliandikwa: "Piga pampu kwa nguvu mpaka moto uwake." Mtungaji aliamini, kama waaminivyo wengi, kwamba pampu ndiyo iletayo moto. Pampu hailetei kichomeo ila msukumo. Mtu akipiga pampu mrija ungali baridi, kitundu hakitatoa mvuke bali mafuta yenyewe, membamba kama uzi. Yatamwagika juu ya kichomeo na kujaa kibakulini, na yakishika moto mwali wa manjano utapanda hadi darini. Naye kwa hofu atapuliza, au atamwaga maji. Ilitosha kuifungua skrubu ya hewa: msukumo hutoka, mafuta hurudi tangini, mwali hukosa chakula. Skrubu hiyo ndogo ndiyo breki ya jiko zima, na karatasi ya kurasa mbili haikuitaja hata mara moja.

Kosa la pili lilikuwa la neno, na hili latuhusu sisi. Karatasi ilionya: "Usitie petroli kamwe." Onyo ni la haki. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tangi la jiko hili hukaa chini ya moto. Mafuta ya taa yaliyomo hupata uvuguvugu tu na kutulia, bali petroli ingejigeuza mvuke humo humo tangini, msukumo ungezidi, mwali ungekua, nao ungelizidishia tangi joto. Jiko lililoundwa kujilisha lingekuwa linajilisha pasipo kipimo.

Tatizo ni kwamba karatasi ilikusudiwa isomwe pia na watu waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Katika Tanzania na Kenya petroli ni mafuta ya magari. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na kwa wengi wa Burundi na Rwanda, neno hilo lilikuja kwa njia ya Kifaransa, na maana yake ni mafuta ya taa. Mafuta ya magari wao huyaita esansi. Msomaji wa Bukavu, basi, alikuwa akiambiwa asitie mafuta ya taa katika jiko la mafuta ya taa. Angeona ni upuuzi, na angejitafutia mwenyewe maana nyingine. Tugeuze sasa: karatasi itungwe Bukavu, iseme "tia petroli", isomwe Kigoma. Sina haja ya kuendelea.

Hakuna aliyekosea hapo. Waingereza na Wafaransa walilichukua neno moja la Kilatini, lenye maana ya mafuta ya mwambani, kila mmoja akalibandika kwenye chupa yake, nasi tukarithi kwa wote wawili. Wajerumani nao wako upande wa Bukavu. Wamarekani wameongeza mtego wao: mafuta ya magari huyaita kwa neno lile ambalo sisi tumelifanya gesi, na yako mafuta yao ya majiko ya kambini ambayo jina lake, likifasiriwa neno kwa neno, huwa "gesi nyeupe". Nimekwisha kuiona tafsiri hiyo. Hayo si gesi hata kidogo. Ni aina ya petroli.

Neno gesi lenyewe lilitumika katika karatasi ile kwa kitu kitokacho kwenye kitundu. Kwa wanafizikia halina kosa kubwa. Lakini kwa mpishi wa leo gesi ni ile ya mtungi, inunuliwayo dukani, na jiko hili halina mtungi wa namna hiyo. Mimi nashika neno mvuke, kwa sababu mvuke ni kitu kirudicho kuwa kiowevu kikipoa, kama jasho la mfuniko wa sufuria, na ndivyo hasa yafanyavyo mafuta haya kichomeo kikiwa baridi. Mwenzangu mmoja amenipinga: asema mvuke katika jiko la Mswahili ni wa maji, nao huzima moto, hauwashi. Hoja yake ina uzito. Ndiyo maana sikuliacha neno peke yake popote. Kila mahali niliandika mvuke wa mafuta.

Bomba nililiondoa kabisa. Karatasi ilisema "safisha bomba", na jiko hili lina bomba la kupigia hewa na bomba la kupitishia mafuta. Mmoja husafishwa kwa kitambaa na mwingine kwa sindano ya kuzibulia. La kwanza nimeliita pampu na la pili mrija.

Sentensi ya onyo niliandika hivi: "Tia mafuta ya taa tu, yale ya kutiwa katika chemli. Usitie mafuta ya gari, ama yaitwe petroli ama yaitwe esansi." Kabla ya kuirudisha nilimpa mwanafunzi wangu mmoja kutoka Bukavu aisome kwa sauti. Aliridhika na esansi. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, na chemli ni nini?" Nikaifuta, nikaandika taa ya utambi.